Mti wa Bwana Makoti

Karatasini aliitwa Sir Lambert Wyncote,
Baroneti wa Sita, mbunge wa mahali penye mvua na kondoo.
Huku Pongwe, kwenye mkonge, jina halikukaa mdomoni.
Winkoti, walisema; kisha wakalimaliza wenyewe: Bwana Makoti.
Na makoti alikuwa nayo. Kumi na moja.
Kasimu Mwachuo, kaka wa bibi yangu, ndiye aliyeyapiga pasi
katika joto la Tanga, na haikutokea siku ya kuvaa hata moja.

Alikuja mwaka alioanguka kwenye uchaguzi.
Kura thelathini na moja. Kasimu alijua,
kwani kila usiku, barazani Raskazone,
bwana alizihesabu kwa sauti kama mtu aliyeibiwa kuku.
Asubuhi aliuhutubia ukuta,
mkono mmoja kwenye kola, wa pili ukikata hewa,
na Kasimu, mkaa ukilia ndani ya pasi,
aliitikia "Naam, bwana" kila penye kituo.
Jimbo zima lililobaki lilikuwa ni yeye.

Ukutani ulining'inia mti wa ukoo,
wino mwekundu na mweusi juu ya ngozi.
Juu kabisa muuza sufu
aliyekinunua cheo kwa mfalme, fedha taslimu,
kama mtu anavyokata leseni ya duka.
Wa pili alizama mtoni, amelewa.
Wa tatu alidaiwa. Wa nne alimshitaki wa tatu hadi kaburini.
Wa tano alioa sukari,
yaani binti wa mwenye mashamba ya miwa, visiwa vya mbali;
walioikata miwa hiyo hawamo.
Kisha yeye. Na chini yake vijitawi vinne vifupi:
Honor, Cecily, Beatrix, Maud.
Halafu ngozi tupu.

"Amefariki Ulaya," karani alisoma simu ya maandishi,
"na cheo kimezimika. Hakuacha mtu."

Ile fremu Kasimu alipewa badala ya mshahara wa miezi miwili.
Kioo kikawa mlango wa kabati la sahani.
Ngozi akaitandika bibi, Nyamvula, ndani ya sanduku lake,
chini ya kanga, wino ukitazama juu,
na hapo niliisoma, nikiwa darasa la sita.

"Hawa wanne, walikufa wadogo?"
"Hapana, bibi. Ni wanawake."
Alicheka hadi ushungi ukamdondoka.
"Mabinti wanne, na wasema hakuacha mtu!
Sisi Wadigo ukoo twauita fuko.
Wewe umeona wapi mtoto aliyetoka kwenye koti?"

Akanisogezea penseli. "Chora watoto wao."
"Siwajui majina."
"Nani kakuuliza majina? Chora mistari.
Mtu haachi kuzaa kwa kuwa hakuandikwa."
Nikachora. Mistari ikateleza kwenye ngozi
hadi ikatoka nje ya ukingo, na bibi akasema, sawa, endelea.

Kasimu alipokufa, pasi na minazi saba
vikaenda kwa mjomba Mbaruku, mtoto wa dada yake. Ndiyo ada ya fuko.
Ila wanawe Kasimu wakaenda kwa kadhi, Ngamiani:
mali ya baba, walisema, na sisi ni nani?
Walikuja wawili, wakasimama mlangoni bila kuvua viatu.
Mkubwa alikuwa na kikohozi cha baba yake.
Bibi hakuwajibu. Aliwatilia chai, nao hawakuinywa.

Usiku ule aliniambia niigeuze ngozi.
"Andika wetu."
Nikaanza na mama yake, na mama wa mama yake,
hadi kumbukumbu yake ikakwama kwenye jina nusu.
Nikauliza: "Na wale vijana wa Kasimu?"
Taa ilihitaji mafuta. Hakuna aliyeinuka.
"Pembeni," alisema.
Kisha, "Hapana. Futa. Hapa."

Kidole chake kilikuwa kinene kwa miaka ya kukuna nazi.
Kilifunika nafasi ya watu wawili, na hakukiondoa.
Nikaandika nikikizunguka.