Pale Inaporuka

Alhamisi, Upanga, ghorofa ya tatu.
Unagonga mara mbili, unavua viatu,
unanawa mikono kama mtu aliyekaribishwa wali.
Ndiyo sheria ya Aurelio Pinto:
mafuta ya mihogo hayagusi santuri.

Tuko wanne. Hamduni, fundi friji,
aliyenunua arobaini kwa mkupuo kule Ilala
kwa mtu aliyekuwa akizifunikia ndoo za maandazi.
Theofrida, mhasibu wa bima, anayependa
saksafoni ile inayoongea kama mtu
aliyekatwa kauli kikaoni, akavumilia.
Na mimi, nisiyejua kusoma nota,
niliyevutwa na harufu ya majalada:
ukungu, naftalini, masika ya watu wengine.

Kwanza tunaziosha. Sabuni ya vyombo, tone moja,
maji ya mvua, kipande cha kanga kuukuu.
Hamduni anasema kanga iliyochakaa haina kinyongo.
Joto la mji huu likiikuta santuri dirishani
linaikunja kama chapati.
Hii ya jazi imepinda tayari; mkono wa sindano
unapanda, unashuka, unapanda,
na tarumbeta linayumba
kama mlevi anayejikaza mbele ya wakwe.

Mara Luku inakata.
Hakuna anayesema neno. Sahani inazunguka kwa deni,
sauti inanenepa, inazeeka,
saksafoni inakuwa ng'ombe,
ng'ombe anakuwa bawaba ya mlango,
basi.
Theofrida anawasha simu, ananunua uniti za elfu mbili,
anasoma tarakimu ishirini gizani,
nne nne, kama nesi anayehesabu mapigo.

Ya mwisho huwa ile ya selo.
Upande wa pili, dakika ya nne, pana kovu.
Ermelinda, mkewe, alikuwa akifuta vumbi
mwaka ule wa foleni za sukari,
pete yake ikachora mstari.
Sindano ikifika pale inaruka:
selo inapanda ngazi, inainua mguu,
tayari iko roshanini.
Tumeshazoea. Wote tunainua kidole kabla,
na Pinto anatikisa kichwa, kidogo,
kuelekea kiti ambacho hatukalii.

Wiki iliyopita nilileta zawadi.
Nakala safi ya ile ile, bado imo kwenye nailoni,
kutoka sanduku la padri aliyehamishwa Kurasini.
Bei sitaitaja. Nyumbani wanasoma.

Tukanawa mikono upya.
Dakika ya nne ikafika, vidole vikainuka,
selo haikuruka.
Ilipanda ngazi, moja, moja,
ngazi ambazo hatukujua kuwa zipo.
Nilihesabu pumzi tatu. Tatu tu,
za muziki uliokuwepo miaka yote
ukipita chini ya pete.
Ilikuwa nzuri. Siwezi kudanganya, ilikuwa nzuri mno.
Hamduni aliangalia kucha zake.

Msikiti wa jirani ukaadhini isha,
Theofrida akapunguza sauti, kama kawaida,
na Pinto akasimama, akainua sindano
kwa kidole kimoja, taratibu,
kama unavyomtoa nzi kwenye chai ya mgeni.

"Ahsante," aliniambia. "Sasa najua
alichonikatia."

Sijui kama alitabasamu; taa yake ni ya wati chache.
Aliirudisha kwenye nailoni, akaandika jina langu
kwa penseli, na tarehe,
akaipandisha rafu ya juu kabisa
asikofika bila stuli, na stuli
ilivunjika mwaka juzi.

Adhana ilipokwisha, tukaweka ile ya zamani.
Mikwaruzo kwanza, bisi zikianza kupasuka,
halafu selo,
halafu ngazi,
halafu vidole vyetu, vinne, hewani.