Pingili ya Tatu

Usiku wa Agosti, upepo wa Dodoma unatia vumbi
hata kwenye vitufe vya kompyuta.
Nimeufungua mgongo wa Sechelela kwenye skrini,
mgongo bila ngozi, bila khanga, bila jina:
faili namba kumi na saba,
vijipande laki mbili na ushei
vilivyoshikana kama udongo wa kichuguu.

Daktari Chilongani alitosheka na matundu manne,
kila moja dogo kuliko kifungo cha koti.
Kapitisha skrubu, kapitisha fito mbili za titani,
pingili ya nne na ya tano zikafungwa ndoa
isiyo na talaka.
Siku ya tatu mama akajikongoja hadi dirishani,
akauliza kama mizabibu ya Mpunguzi imeshapogolewa.

Mimi sikuwapo. Mimi ni wa hesabu.
Naubebesha mgongo uzito wa kiwiliwili,
nauinamisha, naurudisha nyuma,
nauegemeza kushoto, nauzungusha.
Hausemi "yalaa".
Unabadilika rangi tu.

Palipoungwa pametulia, bluu;
hapachezi hata nusu digrii.
Skrubu zimeuma mfupa vizuri.
Ningeweza kuandika *imara*, nikaenda kulala.

Lakini juu yake pingili ya tatu,
isiyoguswa na kisu, isiyolalamika kwa yeyote,
inawaka nyekundu.
Mpindo waliouacha wenzake
anaumaliza yeye.

Nikapiga simu kuuliza anainamaje.
Alicheka. "Kuinama kupi, mwanangu?
Kwa kutwanga uwele, au kwa ndoo?"
Modeli yangu haikujua kutwanga.
Nikaongeza mchi.
Nikaongeza ndoo ya lita ishirini, kutoka chini,
mikono mbali na kifua.
Nyekundu ikapanda hadi ya pili.

"Usihofu," akasema, "ndoo sasa anabeba Foibe.
Anachelewa shule kidogo tu."

Nimepekua orodha yote ya programu:
mfupa, gegedu, kano, titani,
kila kimoja na ugumu wake.
Hakuna pa kumwandika
mtoto wa miaka kumi na miwili
na kilima kati ya kisima na nyumba.

Saa nane umeme ukakatika
kabla sijahifadhi.
Kesho naanza upya,
na safari hii naanzia kwenye ndoo.