Kama Aliyebeba Mikate

Tulianzia Chaves, penye jiwe la kilomita sifuri,
saa ileile ya alfajiri ambayo kwa miaka thelathini na moja
Valdemar alikuwa akiwasha gari la mikate.
Safari hii nyuma hapakuwa na makreti.
Nyuma hapakuwa na nyuma:
viti viwili, buti la kumeza mkoba mmoja,
na paa la turubai analolikunja kwa mikono
kama anayemfunua mtoto asimwamshe.

Rangi yake ni ya divai iliyomwagika.
Tulilinunua kwa mjane wa daktari wa meno kule Viseu,
mwezi uleule tuliouza tanuri.
Graça alipiga simu: "Mama, mmerukwa na akili?"
Nikamwambia ndiyo, mwanangu,
na tunalipia kwa awamu.

Tukateremka na nchi.
Mto Douro chini kabisa, mizabibu ngazi kwa ngazi,
kona juu ya kona, na kila kona mume wangu
alipunguza mwendo mapema mno, akaingia kwa adabu
kama mtu aliyechelewa ibada.
Lori la magogo likatupita.
Likatupita basi la watalii.
Karibu na Góis, akatupita padri kwenye pikipiki.
Sikusema kitu. Nilikuwa nahesabu mawe ya kilomita
na kumega jibini.

Tulilala Sertã, kitanda kikilalamika kila tukigeuka.
Gizani akauliza: "Na nikiogopa?"
"Utaogopa," nikamjibu. "Kisha utakuja mezani kula."

Alentejo ni bapa kama donge lililosukumwa.
Joto. Mialoni iliyochunwa magome,
mashina mekundu kama miguu iliyovuliwa soksi;
korongo wamejenga juu ya nguzo za umeme.
Humo tu, penye mstari ulionyooka, alipiga mluzi.

Halafu uwanja wa mbio, vilimani, karibu na Portimão.
Vijana na magari yao yaliyoinama kama chui
walilitazama la kwetu
kama unavyomtazama bibi aliyeingia disko.
Mkufunzi, Nélia, shingo imeungua jua, alisema mambo matatu:
breki kabla ya kona, si ndani yake;
macho yatangulie gari;
na pale kileleni barabara inapopotea,
msiitafute. Ipo.
Tukavalishwa helmeti zenye jasho la watu wengine.
Mashavu yangu yalibanwa nikawa nazungumza kama samaki.

Mzunguko wa kwanza aliendesha kama aliyebeba mikate.
Nilizihisi zote nyuma yetu, zile trei za hewa,
boflo mia mbili za wagonjwa wa hospitali,
keki ya harusi ya mtu fulani,
na mguu wake wa kulia ukiziomba radhi.

"Valdemar!" nikapaza sauti ndani ya plastiki.
"Mikate imeshauzwa!"

Hakunijibu.
Mguu ukashuka.

Sijui nilieleze vipi.
Kilima kilikuja, na kiooni ikabaki mbingu,
hakuna lami, hakuna Ureno,
tumbo langu limebaki mita hamsini huko nyuma;
nikatamka neno ambalo mama alinizabia kofi
nikiwa na miaka tisa.
Kisha barabara ikarudi, palepale Nélia alipoiacha,
na yeye anacheka, cheko
nililolisikia mara ya mwisho kabla ya mkopo wa tanuri.

Na bado kila mtu alitupita.
Wapite.

Baadaye, kivulini, breki zikinuka ganda lililoungua,
injini imezimwa, ikaanza kualika:
ta. Ta-ta. Ta.
Valdemar akainama, akatega sikio juu ya boneti,
vilevile alivyoisikiliza mikate
ikipasuka maganda ikipoa mezani.
Nikangoja.

"Limeiva," akasema.