Vipimo

Mimi hushona sare Kariobangi,
kibanda cha tatu ukitoka kwa muuza mafuta ya taa.
Mtoto akija nampima bega, kiuno, urefu wa mkono,
naandika kwa chaki juu ya meza,
na sijawahi, hata siku moja, kumwambia mama wa mtu:
vipimo vimepotea, mrudishe tumpime upya.

Ndivyo nilivyoambiwa dirisha la nne.

"Jina la mtoto?" Mwakio Mghanga.
"Alipimwa lini?" Mwaka ule alipong'oka meno ya mbele,
mvua ikinyesha, macho yametiwa dawa
hata vidole vyangu hakuviona njia nzima.
"Mama, mimi nataka tarehe."

Tarehe. Nikarudi nyumbani nikapekua sanduku,
kadi ya kliniki, risiti za kodi ya nyumba,
nikaikuta nyuma ya bahasha: Machi, kumi na tisa.
Nikarudi. Mwenye ufunguo yuko semina.
Nikarudi. Mwenye ufunguo amehamishwa.
Nikarudi, askari wa langoni akaanza kuniita shemeji.

Mwalimu hana ubaya, ana watoto sabini na wawili.
"Lete karatasi," alisema. "Bila karatasi
siwezi kumwombea maandishi makubwa
wala dakika za ziada siku ya mtihani.
Kwa sasa ananakili ubao vibaya. Mvivu kidogo."
Mvivu! Mtoto anayenusa daftari
kama mbuzi anayechagua jani,
mpaka pua inachafuka wino.

Basi tukaandika barua, mimi na jirani yangu Khadenje,
aliyefutwa kazi ya ukarani akabaki na Kiswahili cha ofisi.
"Usiandike naomba. Andika nahitaji.
Taja kifungu cha thelathini na tano.
Taja siku ishirini na moja.
Nakala mbili, na ya pili wakugongee muhuri."
Muhuri ule niliubeba kifuani
kama mtu aliyebeba yai Gikomba siku ya Jumamosi.

Siku ya kumi na nane simu ikalia.
Faili lilikuwepo. Miaka yote lilikuwepo,
chini ya kabati, limewekwa kuinua mguu uliovunjika.

Kurasa tatu. Nilizisoma nimesimama.
Ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa mtu aliyejali:
*Aketi safu ya mbele. Apewe maandishi makubwa.
Aongezewe muda. Ana bidii sana.
Nakala iende shuleni.*

Nakala iende shuleni.
Miaka minne.
Nguo imekatwa, imeshonwa, imepigwa pasi, imekunjwa,
na mtoto anatembea uchi mbele ya wenzake.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele,
hata leso nilikuwa nimeifunga kiunoni.
Nilitia sahihi kitabu chao nikashuka ngazi,
ghorofa tatu za ngazi, na katikati nikapishana
na mwanamke anayepanda, binti mgongoni,
vyuma vya miguu vikigonga ukuta.
Nikamwambia: dirisha la nne. Uwe na tarehe.
Na usiombe.

Kwa kijana wa fotokopi, Barabara ya Juja,
nilitoa moja ya mwalimu mkuu, moja yangu,
na ya tatu nikamwambia, "Hii ikuze."
"Kiasi gani?"
"Mpaka mashine ikatae."

Jioni Mwakio akaitandaza sakafuni,
akapiga magoti juu ya jina lake.
Hakunusa. Alisoma polepole, kwa sauti,
akafika penye *bidii* akasimama,
akarudi nyuma, akaisoma tena.

"Mama, huyu alinijua aje?"

"Alikupima," nikasema.

"Na wengine?"

Nikatia uzi mweupe kwenye cherehani.
Kola kumi na moja zilikuwa zinangoja,
na Jumatatu haikuwa mbali.