Dawati la Nyuma

Alhamisi, kipindi cha tatu, Gredi ya Tano,
Bi Zuwena alipita kando ya ukuta
kama mtu aliyechelewa sala,
akajikunja kwenye dawati la nyuma
lisilochongwa kwa magoti ya miaka hamsini na moja.
Mkononi, daftari la kava ya samawati,
lile lile tunalowagawia watoto.

Mimi ndiye niliyemwalika. Nalisema mapema
mtu asije akadhani nilionewa.
Ila daftari lilipofunguka, mate yalinikauka,
chaki ikakatika mara mbili
nikiandika neno moja: Sehemu.

Nilifundisha, haki ya Mungu nilifundisha!
Nilikata chapati ya karatasi vipande vinane,
nikapandisha sauti juu ya malori ya makontena
yanayoteremka Changamwe kwenda Kilindini.
Robo mbili ni sawa na nini?
"Nusu!" Swaleh, kabla swali halijatua.
Nikauliza jingine. Swaleh.
Jingine. Swaleh, akidakia mdomoni mwa Furaha.
Darasa limeelewa, nikajiambia,
nikapangusa viganja kama fundi aliyelipwa.

Saa nne, chini ya ngazi za stoo,
hamri moja moja, chai ya tangawizi,
nilikaa na utetezi wangu umepigwa pasi:
watoto sitini na wawili, vitabu kumi na tisa,
feni iliyokufa tangu Februari.

Hakuuliza hata kimoja.
Alinigeuzia ukurasa. Hapakuwa na "vizuri" wala "vibaya".
Palikuwa na ramani ya madawati, ya kuchora kwa mkono,
na kijistari kila nilipomtaja mtoto:
mbele kulia vimejazana kama siafu kwenye sukari,
upande wa dirisha, karatasi tupu.
Na chini, safu ya nambari: 1, 1, 2, 1.

"Hizi nini?"
"Sekunde," akasema, akipuliza chai.
"Unazowapa wafikiri."
Kisha, kama amtoaye mwenziwe mwiba:
"Yule wa dirishani, kola imefumuka..."
"Mbeyu."
"Alinyoosha mkono mara nne.
Mara ya tano akaushusha, akaukalia."

Akaukalia.

Miaka kumi na minne nimeshika chaki.
Mkaguzi huja, hupekua maandalio, hutia sahihi, huyoo.
Kinyozi hajinyoi, twawafunza watoto,
twaitia alama mbili katika insha, twaendelea.
Sikushukuru. Siku mbili nilimwamkia Bi Zuwena
kwa midomo tu.

Jumatatu zamu ikawa yangu.
"Nitazame ulimi," alinitangulizia,
"nahisi nawakata maneno."
Nikahesabu. Kadzo akianza, "Nilienda kwa du..."
"Dukani!"
Mtoto akaketi, hadithi yake ikabaki njiani.
Jioni nikamwonyesha.
"Kumi na moja?"
"Kumi na moja. La kumi na mbili ulilimeza."
Alitaka kucheka, kicheko hakikufika.
Akalifunga daftari, akalifungua tena,
akaomba kalamu.

Leo nimeuliza: robo na thumuni, ipi kubwa?
Nikafumba mdomo. Moja. Mbili.
Lori likapita na dunia yake yote.
Tatu. Swaleh amesimama nusu, namwonyesha kiganja.
Nne. Ukimya una uzito, sikujua,
shingo yote imelowa jasho.
Tano, na mkono ukatoka chini ya paja,
ukapanda kama usiojiamini una mwenyewe.

"Thumuni," akasema Mbeyu,
"kwa sababu nane yapita nne."

Na nusu ya darasa ikatikisa vichwa: ndiyo.

Nusu ya darasa.
Swaleh pekee ndiye aliyekuwa ameelewa, muda wote huu,
nami nikipangusa viganja.

Nikamkabidhi Mbeyu mkasi na chapati ya karatasi.
"Hebu kata, tuone."
Nikaenda nyuma, nikajikunja kwenye lile dawati.
Magoti yamegoma. Kutoka hapa
herufi zangu ubaoni ni ndogo mno,
hazisomeki.