Kalibu ya Kumi na Saba

Mimi barafu naijua kwa msumeno.
Kibirizi, saa tisa usiku, mitumbwi bado haijarudi,
nalitoa bonge kwenye kalibu, nalimwagia maji, linaguna,
linateleza sakafuni kama mgeni asiyejua mlango,
nami nalikata kwa ajili ya migebuka na kuhe.
Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havina hisia tena.
Kwa hiyo Mwalimu Bitwale alipokuja na wasichana kumi na wawili
akasema, "Hawa ni timu ya taifa ya magongo ya barafuni,"
nilitazama vidole kwanza, ndipo nikacheka.

Taifa? Barafuni? Hapa Kigoma,
unaponunua soda ya baridi bandarini
ukafika Mwanga umeshika chai?

Hawakucheka. Walivua viatu.
Waliomba kusimama juu ya bonge, mmoja mmoja,
wajue tu.
Mwamini Kilozo, mlinda lango, binti wa muuza mawese wa Ujiji,
alisimama hadi nyayo zikafa ganzi.
"Kumbe inaunguza," akasema.
Nikamwonyesha vidole.

Mazoezi yao niliyaona. Godauni tupu nyuma ya stesheni,
sakafu ya saruji imepakwa mawese,
soksi tatu tatu miguuni, magongo ya mninga
aliyoyachonga fundi vitanda wa Gungu,
na cha kuchezea: kisigino cha kandambili ya tairi.
Walianguka. Mungu wangu, walianguka.
Nyamizi wa Urambo aliweza kuanguka akiwa amesimama tu.
Jioni walitoka wekundu mpaka masikioni
kama maandazi yaliyotoroka karaini,
na mama zao wakapigana na madoa kwa majivu na sabuni ya mche.

"Mwalimu," niliuliza, "mawese ndiyo barafu?"
"Siyo," akasema. "Ila kuanguka ni kule kule."

Wakaenda. Nchi yenyewe siitaji,
jina lake hunikwama kooni kama mwiba.
Viatu vya visu waliazimwa huko huko, mlangoni mwa uwanja.
Sisi tulisikiliza kwa simu ya dada yake Mwamini,
imelazwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume.
Sita bila. Kumi na moja bila.
Mtu mmoja akaondoka kwenda kuswali isha,
aliporudi zilikuwa kumi na tisa.
Halafu, sijui dakika ya ngapi, kelele zilizokatika katika:
Nyamizi kaanguka, kasukumwa na kuanguka kwake mwenyewe,
gongo mbele, kile cheusi mbele, mlinda lango wao kando,
na sufuria ikalia kama kengele ya shule.

Ishirini na tatu kwa moja.
Usiku ule Kibirizi tuliihesabu ile moja tu,
kama watu wanaohesabu meno ya mtoto.

Mwamini alirudi na goti lililovimba, na chupa.
"Ya uwanjani," akasema. "Niliikomba kwa kofia. Ikayeyuka kwenye ndege.
Wewe ndiye mwenye nayo."
Maji kidogo, si masafi sana, uzi wa soksi unaelea ndani.
Sikuyanywa. Sikuyaweka kabatini.
Niliyamimina kwenye kalibu ya kumi na saba,
nikajazia maji ya ziwa, nikawasha mtambo.

Alfajiri behewa lilikuwa linasubiri samaki wa Tabora.
Kumi na saba ilitoka kama zingine, nyeupe katikati, buluu pembeni.
Niliishika muda mrefu kuliko kawaida,
kwa vile vidole viwili,
kisha nikaipiga msumeno.

Sasa hivi itakuwa imepita Uvinza,
inadondoka tone tone juu ya mataruma,
Malagarasi, Usinge, Kaliua,
na kesho mama mmoja sokoni Tabora atafunua kapu,
aguse mgebuka, amponyoke,
aseme: huyu bado anateleza.