Yamelala

Karakana ya Nandonde, Chikongola, Mtwara mjini.
Nje bati linalia chini ya msasa.
Ndani mimi, Somoe, na kompyuta ya mkono wa pili
iliyopatikana kwa mageti mawili na kitanda cha chuma.

Kazi: pipa la kuchekecha korosho
la chama cha wakulima kule Kitangari,
litoke kabla msimu haujafunguliwa.
Safu sitini, kila safu matundu sitini,
kila tundu milimita ishirini na mbili,
na kila ukingo umelainishwa,
maana chuo kilinifunza adabu:
chora kitu kama kitakavyokuwa.

Nikachora.
Kwenye tundu la mia nne kipanya kikawa kizito.
Kwenye la elfu moja kiduara kikaanza kuzunguka
katikati ya skrini, hakiendi, hakirudi.
Ukigusa unene wa bati, nusu milimita tu,
mashine inaanza upya toka tundu la kwanza,
kama karani wa ghala anayepima tena
gunia alilolipima mwenyewe asubuhi.

Nikaenda kununua mihogo ya kukaanga.
Nikarudi: bado.
Nikala, nikanawa: bado.
Kisha umeme ukakatika,
sisi tunaoishi jirani na gesi.

Nikatoka na hasira zangu.
Likapa, mwanagenzi, miaka kumi na saba,
amepiga magoti juu ya bati lililolala,
mkononi kipande cha chuma chenye safu moja ya matundu.
Anaweka, anagonga alama, anasogeza.
Anaweka, anagonga, anasogeza.
"Unahesabu?"
"Nihesabu ya nini, dada? Nasogeza tu."

Umeme uliporudi nikafuta kazi ya siku tatu.
Bati nikalichora bapa; kulikunja kutakuja mwisho.
Tundu moja, kona ya chini kushoto,
nikalipa kila kipimo linachostahili.
Ulaini wa ukingo nikautoa:
tupa ya Likapa inaujua kuliko mimi.
Tundu likazaa safu, safu ikazaa safu,
ukoo wote nikauweka mkiani mwa orodha
nikauzima.
Upo, ila umelala; mashine haiubebi mgongoni.
Pembeni nikaandika: *Matundu 3,600, yote kama hili,
milimita thelathini kati kwa kati.*
Nikabadili unene wa bati.
Kufumba na kufumbua: tayari.
Nikabadili tena, bila sababu, kwa raha tu.

Ijumaa akaja katibu wa chama, Bwana Mnunduma,
na faili lake kwapani.
Akatazama skrini. Akavua miwani, akaivaa.
"Binti, sisi tumelipia chekeche. Hili ni bati."
"Tundu hilo hapo, kona ya chini."
"Na mengine?"
"Yamelala."
Akanitazama kama anavyotazamwa mtu wa kangomba
mwenye mzani wake mfukoni.

Basi nikayaamsha. Dakika tisa.
Feni ikavuma, chai ikaisha,
nikaonyeshwa picha za harusi ya mwanawe, zote.
Kisha yakatokea, safu kwa safu,
bati likawa kama uso uliopona ndui.
Akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye kioo.
Safu ya tatu akachoka.
"Yalaze," akasema, akatia saini.

Pipa likaenda Kitangari juu ya pikapu,
limefungwa kamba kama ng'ombe.
Siku ya pili simu ikaita.
"Elfu tatu mia tano tisini na tisa," akasema katibu,
na kwa sauti yake nilijua
safari hii hakuchoka.

Likapa aliruka moja, safu ya arobaini na moja.
Nikapanda mwenyewe na keekee begani
nikalitoboa mbele ya wajumbe wanne wa bodi,
vumbi la chuma likaniingia kwenye ushungi.

Kwenye mchoro halikuwahi kukosekana.
Lakini ukiniuliza leo matundu ya pipa lile
nayajua mawili tu:
la kona ya chini kushoto,
na hilo.